ASIYEKUWAKO NA LAKE HALIKO: AHADI ZA WAKUBWA WA MAREKANI WAKATI WA VITA

Ndugu wanachama, ndugu wafanya kazi wa Malindi, Watamu, Mambrui, Gongoni na Kilifi,



Liko neno linalozunguka barazani, na hata kazini wakati wa chai, nasi hatuwezi kulinyamazia. Neno lenyewe ni kwamba uhuru wa Mwafrika uliletwa na wakubwa wa Marekani. Kwamba Rais Franklin Roosevelt alipokutana na Winston Churchill juu ya manowari mwaka 1941, alimlazimisha Mwingereza aahidi kuyaacha makoloni, na yaliyobaki yakawa ni kungoja siku ifike. Wanaosema hivyo si watu wabaya. Wengine waliyasoma hayo shuleni, wengine waliyasikia kwa wazee waliopigana vita vile. Lakini neno hili lina sumu ndani yake, kwa sababu humfundisha mfanya kazi kungoja. Humwambia: nyamaza, mkubwa mwema yuko njiani. Na mfanya kazi amngojaye mkubwa mwema hulala na njaa.

Basi leo twataka kuliweka jambo hili wazi, kwa tarehe na kwa majina, ili kila mwanachama ajue ni nani aliyeahidiwa nini, na ni nani aliyelipwa.

MANENO YALIYOSEMWA

Mwezi wa Agosti 1941 Roosevelt na Churchill walikutana katika ghuba ya Placentia, huko Newfoundland. Tarehe 14 ya mwezi huo ukatangazwa Mkataba wa Atlantiki, wenye vifungu vinane. Kifungu cha tatu kilisema kwamba watu wote wana haki ya kuchagua serikali watakayoishi chini yake. Kifungu cha tano kilisema kwamba mataifa yashirikiane ili hali za wafanya kazi ziwe bora, uchumi uendelee, na watu wawe na hifadhi katika maisha yao. Kifungu cha sita kikataja watu kuishi bila hofu na bila ufukara.

Maneno mazuri. Sisi hatuna ugomvi nayo. Hata leo twayataka. Lakini mwezi mmoja haukutimia. Tarehe 9 Septemba 1941 Churchill alisimama katika Bunge la Uingereza akaeleza kwamba kifungu kile cha tatu kiliwahusu watu wa Ulaya waliokuwa chini ya Hitler, na kwamba mambo ya makoloni ni mambo mengine. Roosevelt alisema kinyume. Tarehe 23 Februari 1942 alitangaza katika redio kwamba Mkataba ule ni wa dunia nzima, si wa nchi zinazopakana na bahari ya Atlantiki peke yake.

Wengi walishangilia. Lakini tazameni kalenda, ndugu. Siku nne kabla ya kusema hayo, tarehe 19 Februari, Roosevelt huyo huyo alikuwa ametia sahihi amri iliyowatoa majumbani mwao watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao raia waliozaliwa Marekani, wakafungiwa makambini nyuma ya seng'enge. Haki ya dunia nzima ilitangazwa siku ya nne baada ya amri hiyo.

Na mwezi wa Novemba 1942 Churchill akasema hadharani mjini London kwamba yeye hakushika uwaziri mkuu ili asimamie kuvunjwa kwa Milki ya Mwingereza. Basi wakubwa wawili walitoa tangazo moja: mmoja alisema ni la watu wote, mwenzake alisema si la Mwafrika. Aliyesema ni la watu wote ndiye aliyekuwa na fedha, meli na silaha. Tangu sheria yake ya mwezi wa Machi 1941 ya kuazima silaha, Mwingereza aliishi kwa mkopo wake. Angalitaka kumbana, angalimbana. Hakumbana.

Tena liko jambo ambalo kila mwakilishi wetu kazini yampasa alishike. Mwezi wa Desemba 1944 waandishi wa magazeti walimwuliza Roosevelt habari za Mkataba ule, naye akawajibu kwamba hakuna karatasi yake rasmi iliyotiwa sahihi. Na ni kweli. Lilikuwa tangazo tu, lililopelekwa kwa simu za upepo na magazeti. Mamilioni ya watu walitegemea karatasi ambayo hakuna aliyeitia mkono.

SISI TULIKUWA WAPI

Wako wadhanio kwamba vita vile vilikuwa mbali na sisi. Na wawaulize wazee wa mji huu. Mwezi wa Oktoba 1940 ndege za Waitalia zilikuja kutoka upande wa Somalia zikatupa mabomu hapa Malindi. Siku hizo Marekani haikuwa imeingia vitani. Iliingia mwezi wa Desemba 1941, baada ya Wajapani kuishambulia bandari ya Pearl Harbor. Damu ya watu wa nchi hii ilikwisha kumwagika kabla ya mkutano ule wa manowarini.

Keya walitoka hapa wakapita Somalia, wakaingia Addis Ababa mwezi wa Aprili 1941. Baadaye wakapelekwa Madagaska, kisha Burma, kwenye matope na malaria ya mwaka 1944. Kenya peke yake ilitoa askari wapatao 98,000. Mwezi wa Februari 1944 meli Khedive Ismail iling'oa nanga Kilindini kwenda Colombo, ikiwa na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na wauguzi na mabaharia. Tarehe 12 manowari ya chini ya maji ya Wajapani iliipiga karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu karibu 1,300. Ni pwani yetu hii iliyowaaga.

Na watu hao walipokuwa wakipigania uhuru wa Mfaransa na Mholanzi, wao wenyewe nyumbani walikuwa na nini? Mwezi wa Mei 1940 Serikali ya Koloni ilikipiga marufuku chama cha KCA, pamoja na vyama vya Wataita na Wakamba, ikawakamata viongozi wao. Kipande kilikuwa shingoni. Ardhi ilikuwa ya masetla. Mkataba ulipotangazwa mwaka uliofuata, hapakuwa na chama hata kimoja cha kumwuliza Gavana: Je, kifungu cha tatu ni chetu au si chetu?

JEMADARI ALIPOONDOKA MANILA

Tazameni tena jinsi mambo ya wakubwa yanavyomfikia kibarua. Mwanzoni mwa mwaka 1942 Wajapani waliiteka Manila, na Jemadari Douglas MacArthur wa Marekani akalazimika kuondoka Ufilipino mwezi wa Machi, akiahidi kwamba atarudi. Ufilipino ndiko zilikotoka nyuzi bora za kamba za meli. Ilipopotea Ufilipino, na visiwa vya Waholanzi vikaanguka, mataifa yaliyopigana na Mjapani yalibaki yakiitazama katani ya Afrika Mashariki. Manowari haifungwi gatini kwa hotuba. Hufungwa kwa kamba.

Basi katani ikawa mali ya vita. Ninyi wa Vipingo na Kilifi mwaijua katani: miiba yake, maji yake yanayowasha ngozi, na uzito wa matita yake jua la saa sita. Mwaka huo huo wa 1942 Serikali ya Kenya ilitoa kanuni za kuwakamata Waafrika kwa nguvu na kuwapeleka kufanya kazi katika mashamba ya watu binafsi, mradi kazi hiyo imeitwa ya lazima kwa vita. Faida ilikuwa ya setla. Lazima ilikuwa ya Mwafrika. Kazi hiyo ya nguvu haikukoma siku vita vilipokoma. Iliendelea hata mwaka 1946.

Watu wa pwani hii walikuwa wamekwisha kuonja jambo hilo. Mwaka 1914 Serikali ilipowataka vijana wa Kigiriama wawe wachukuzi wa mizigo ya vita na vibarua wa mashamba ya pwani, Wagiriama walikataa. Walipigwa risasi, na Kaya Fungo ikabomolewa kwa baruti. Mekatilili wa Menza alikuwa amewaonya mapema, na kwa sababu hiyo alikuwa amehamishwa mbali na kwao. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba vita vya wakubwa humletea mnyonge uhuru, twamwambia aje Kilifi aulize.

MacArthur alitimiza ahadi yake. Alirudi Ufilipino mwezi wa Oktoba 1944, kwa sababu alikuwa na jeshi la kumrudisha. Ahadi yenye jeshi nyuma yake hutimizwa. Kibarua wa katani hakuwa na jeshi, wala hakuwa na chama.

DAMU YA KATANGA

Twendeni sasa Kongo, kwa ndugu zetu wanaosema Kiswahili katika machimbo ya Katanga. Shaba ya kampuni ya Union Minière ilihitajiwa mno na vita. Bei za vitu zilipanda, mishahara haikupanda, wachimbaji wakagoma mwezi wa Desemba 1941. Tarehe 9 Desemba, mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, askari waliwapiga risasi wagomaji waliokusanyika katika uwanja wa mpira. Walianguka makumi ya watu. Ilikuwa siku mbili tu baada ya Pearl Harbor, na ulikuwa mwezi wa nne tangu kutangazwa kile kifungu cha tano kilichosema hali za wafanya kazi ziwe bora.

Je, wakubwa wa Marekani walikatiza biashara na kampuni ile? La. Mwezi wa Septemba 1942 maofisa wa jeshi chini ya Jemadari Leslie Groves, msimamizi wa kazi ya siri ya bomu la atomiki, walinunua kwa kampuni hiyo hiyo urani ya Shinkolobwe, zaidi ya tani elfu moja zilizokuwa zimewekwa New York. Kisha wakataka nyingine, na mgodi uliokuwa umefungwa ukafunguliwa. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilichimbwa na mikono ya Wakongo. Wachimbaji wale hawakuambiwa wanachimba nini, wala hakuna aliyekaa nao mezani kuzungumza mshahara.

KWA NINI WALINYAMAZA

Wako watakaotuambia kwamba Roosevelt alikuwa na huruma. Hatukatai. Mwezi wa Januari 1943, akienda kwenye mkutano wa Casablanca, alipita Bathurst katika nchi ya Gambia. Aliona ufukara na maradhi, akachukizwa. Mwanawe Elliott aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1946 kwamba baba yake aliulizia mshahara wa kibarua, akaambiwa ni shilingi moja na peni tisa kwa siku. Mwaka 1944 Roosevelt mwenyewe aliwaambia wenye magazeti ya Wamarekani weusi kwamba hajapata kuona jambo la kutisha kama lile, na kwamba Mwingereza huchota Gambia mara kumi ya anachotia.

Alisema. Lakini kibarua wa Bathurst aliamka kesho yake akapokea shilingi moja na peni tisa. Huruma ya mpita njia haiongezi mshahara.

Tena iko sababu nyingine, nayo ndiyo kubwa. Vita vilipokaribia kwisha, wakubwa wa majeshi ya Marekani, Waziri wa Vita Henry Stimson na Waziri wa Manowari James Forrestal, walivitaka visiwa vya Pasifiki vilivyokuwa mikononi mwa Mjapani, wavishike wao. Sasa mtu atakaye kushika visiwa vya wenyewe atawezaje kumwambia jirani yake aachilie nchi za wenyewe? Roosevelt alikufa tarehe 12 Aprili 1945. Siku kumi na tatu baadaye ulifunguliwa mkutano wa San Francisco wa kuunda Umoja wa Mataifa. Hati iliyotoka huko ilitaja neno uhuru kwa nchi za udhamini, kama ilivyokuja kuwa Tanganyika. Kwa makoloni kama Kenya ilitaja kujitawala tu, bila neno uhuru na bila tarehe. Na Marekani ikapewa visiwa vyake vya Pasifiki mwaka 1947, kwa udhamini wa namna ya pekee, wa kijeshi.

Wavuvi wa Malindi na wasikie habari za wavuvi wenzao. Mwezi wa Machi 1946 watu 167 wa kisiwa cha Bikini walihamishwa na jeshi la manowari la Marekani, wakaambiwa kisiwa chao chahitajiwa kwa faida ya wanadamu wote. Mwezi wa Julai yakaanza majaribio ya mabomu ya atomiki. Tangu mwaka huo mpaka 1958 mabomu 67 yalilipuliwa katika visiwa vya Marshall. Hao ndio walioishi chini ya mkubwa mwema.

Na mtu akisema kwamba hayo yalikuwa makosa ya miaka ile ya vita tu, tutamjibu kwa tarehe moja. Dwight Eisenhower, jemadari mkuu wa majeshi ya nchi za Magharibi yaliyomshinda Hitler, alikuwa rais wa Marekani mwaka 1960. Tarehe 14 Desemba mwaka huo Umoja wa Mataifa ulipiga kura juu ya azimio la kuzipa uhuru nchi zilizotawaliwa. Mataifa 89 yalikubali. Hakuna lililokataa. Tisa yalijizuia, na Marekani ilikuwa miongoni mwa hayo tisa, pamoja na Uingereza, Ureno na Afrika Kusini ya makaburu. Kwa kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza alimwomba Eisenhower afanye hivyo. Miaka kumi na tisa baada ya kifungu cha tatu, mkono wa Marekani haukuinuka.

NANI ALIYELIPWA

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Je, katika vita vile hapakuwa na mnyonge hata mmoja aliyepata kitu kwa wakubwa wa Marekani? Alikuwako. Naye twataka mumjue vizuri, kwa sababu alikuwa mtu wa chama cha wafanya kazi kama sisi.

A. Philip Randolph alikuwa kiongozi wa chama cha wahudumu weusi wa magari ya kulala ya reli, kilichoanzishwa mwaka 1925. Kazi yao ilikuwa kutandika vitanda, kubeba mizigo na kupiga viatu rangi. Wahudumu wa hoteli wa Malindi wanaijua kazi hiyo. Walipambana na kampuni ya Pullman miaka kumi na miwili kabla ya kutiliana mkataba mwaka 1937. Chama hicho kilikuwa na umoja, ada zilizolipwa, na tawi katika kila mji wenye stesheni kubwa.

Mwaka 1941 viwanda vya silaha vya Marekani vilikuwa vikitafuta watu usiku na mchana, lakini mtu mweusi alifukuzwa mlangoni. Randolph hakumwandikia Roosevelt barua ya kuomba. Alitangaza kwamba tarehe 1 Julai watu weusi wataandamana mjini Washington, na kadiri siku zilivyopita hesabu ikapanda hata kufika watu 100,000. Roosevelt alimwita tarehe 18 Juni akamtaka auvunje mwandamano. Randolph alikataa mpaka apate amri ya maandishi. Tarehe 25 Juni 1941 Roosevelt alitia sahihi Amri Namba 8802, iliyokataza ubaguzi katika viwanda vya vita na kuunda kamati ya kuichunga. Hapo ndipo mwandamano ulipoahirishwa.

Linganisheni, ndugu. Mwezi wa Juni, amri yenye namba na sahihi. Mwezi wa Agosti, tangazo la dunia nzima lisilo na sahihi ya mtu. Mkubwa ni huyo huyo, mwaka ni huo huo, moyo wake ni huo huo. Tofauti ni kwamba mara ya kwanza mbele yake palikuwa na chama, na mara ya pili mezani walikuwa wakubwa wawili peke yao. Wahenga wetu walikwisha kusema: asiyekuwako na lake haliko.

Hata Randolph hakupata yote. Jeshi la Marekani lilibaki limegawanyika kwa rangi muda wote wa vita. Askari weusi walipewa majembe zaidi ya bunduki. Barabara ya Ledo, iliyotoka India kupita Burma chini ya amri ya Jemadari Joseph Stilwell, zaidi ya nusu ya Wamarekani walioijenga walikuwa weusi, nao walilala makambi yao mbali. Waruhiu Itote, aliyekuja kuitwa Jemadari China, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1967 jinsi maongezi na askari mweusi wa Marekani, alipokuwa keya huko Asia, yalivyomfumbua macho. Ubaguzi wa jeshi haukuamriwa ukome mpaka tarehe 26 Julai 1948, Randolph alipomtisha Rais Harry Truman kwamba vijana weusi watakataa kuandikwa. Na ile kamati ya mwaka 1941 ilikufa mwaka 1946, kwa kuwa Bunge la Marekani liliinyima fedha. Hata kilichopatikana, kisipolindwa, hunyang'anywa.

PWANI YETU ILIJIFUNZA HAYO YENYEWE

Wafanya kazi wa Mombasa hawakungoja Mkataba wa Atlantiki. Waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1942 katikati ya vita, wakati Serikali ilipowahitaji kuliko wakati wowote. Tarehe 13 Januari 1947 mji mzima ulisimama: bandari, reli, hoteli, na hata wapishi wa majumbani, watu wapatao 15,000, karibu majuma mawili. Nyongeza iliyopatikana baada ya hapo haikutoka Washington. Ilitolewa na baraza la jaji Thacker, kwa kuwa makuli walikaa pamoja. Kiongozi wao Chege Kibachia alikamatwa mwezi wa Agosti na kuhamishwa mbali. Jaji huyo huyo ndiye aliyekuja kumhukumu Kenyatta pale Kapenguria. Lakini mlango ulikwisha kufunguka. Mwaka 1955 bandari iligoma tena ikapata.

Atasimama mtu aseme: lakini vyama vya wafanya kazi vya Marekani vilimsaidia Tom Mboya mwaka 1956, vikatoa dola 35,000 za kujengea makao ya shirikisho letu mjini Nairobi. Ni kweli, na twashukuru. Lakini zilitolewa na nani, zikapewa nani? Zilitolewa na vyama, zikapewa vyama. Hakuna atoaye msaada kwa watu ambao hawakujikusanya.

Mwingine atasema: Hitler angalishinda, hali yetu ingalikuwa mbaya zaidi. Hilo nalo ni kweli. Sisi hatumtetei Hitler wala Mussolini. Mabomu yao tuliyaona hapa. Waliokufa wakiwapinga hawakufa bure. Lakini kumshinda nyoka si sababu ya kumnyima mshahara aliyeshika fimbo. Askari wa kizungu waliporudi kutoka vitani walipewa mashamba katika nchi hii. Keya alirudi kwenye kipande.

LEO

Ndugu wanachama, kwa nini tumeyaandika haya katika karatasi ya chama, na sisi tuna mambo ya mishahara na likizo? Kwa sababu ni jambo moja.

Mwaka 2024 Rais Joe Biden alitangaza Kenya kuwa mshirika mkuu wa Marekani nje ya NATO. Wako walioshangilia kana kwamba mshahara umepanda. Hilo ni jambo la serikali na serikali, la majeshi na silaha. Halikutaja senti moja ya kibarua wa chumvi wala ya mlinzi wa usiku. Katika jambo hilo pia, hatukuwako mezani.

Na hapa hapa kwetu, tajiri wa hoteli ana vita vyake kila mwaka, navyo ni msimu. Desemba ikifika vyumba vimejaa, mhudumu hapumziki, zamu mbili zinakuwa moja. Hapo ndipo msimamizi huwakusanya watu jikoni akawaambia kwa sauti tamu: vumilieni, ndugu zangu, msimu ukiisha tutawaangalia. Sisi tumeyasikia hayo mara nyingi mno. Kisha masika huingia, wageni huondoka, na wale walioambiwa wataangaliwa huambiwa waende nyumbani mpaka waitwe. Hiyo ndiyo Atlantiki yetu: maneno mazuri, wala hakuna sahihi.

Dawa yake ni ile ya Randolph, na sheria ya nchi hii inatupa njia. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanya kazi haki ya kuingia chama na haki ya kugoma. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 yamlazimisha mwajiri akitambue chama kilichoandikisha zaidi ya nusu ya wafanya kazi wake wanaostahili kuwa wanachama. Sheria hiyo hiyo yasema mapatano ya pamoja yakisajiliwa mahakamani yana nguvu ya kutekelezwa. Haya si maneno ya jikoni. Ni karatasi yenye sahihi na muhuri.

Kwa hiyo twawaagiza wawakilishi wote mambo manne. Kwanza, hesabuni watu katika kila mahali pa kazi, mjue mmebakiza wangapi kufika nusu. Pili, madai yaandikwe na kupelekwa kabla ya msimu kuanza, si baada ya kwisha. Tatu, ahadi yoyote ya mdomo ijibiwe kwa neno moja: andika. Nne, vibarua wa msimu waandikishwe pamoja na wa kudumu, maana ndio wanaoahidiwa zaidi na kulipwa kidogo zaidi.

Asiyelipa ada na alipe. Asiyekuja mkutanoni na aje. Wakubwa wataendelea kukutana manowarini na hotelini, na watasema maneno mazuri. Sisi tuwe mezani, kalamu mkononi, na watu wetu mlangoni.

Umoja ni nguvu. Ahadi iandikwe.